Babu "alikuwa wa ndege" lakini jina halionekani: kutafuta kumbukumbu za vita ukiwa Lindi au Mtwara

Familia imekuwa ikisema miaka yote kwamba babu alikwenda vita vya Hitla na huko "alikuwa wa ndege". Mjukuu anaingia kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, ile ya Kew, London, anaandika jina, hapati kitu. Anabadili herufi, bado hapati. Anaandika barua London, anajibiwa kwamba mtu huyo hayumo katika kumbukumbu za Jeshi la Anga la Uingereza, RAF. Hapo wengi hukata tamaa na kusema mafaili yalichomwa moto.

Mara nyingi hakuna kilichochomwa. Babu anatafutwa katika jeshi ambalo halikumwandikisha. Faili la askari hukaa kwa aliyemwandikisha na kumlipa mshahara, si kwa aliyemfanyia kazi. Mtu aliweza kulinda ndege miaka mitatu, kuzipakia mizigo, hata kusafirishwa nazo, na faili lake likabaki la Keya, yaani King's African Rifles, au la vikosi vya kazi. Watanganyika Waafrika walioandikishwa na RAF yenyewe walikuwa wachache mno kuliko waliochukuliwa na jeshi la nchi kavu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "yuko wapi", uliza "nani alimwandika".

Anza na sanduku la bati

Kitu chenye thamani kuliko vyote ni cheti cha kuachishwa jeshi. Nakili namba yake nzima pamoja na herufi zinazoitangulia na mkwaju (/) kama upo. Namba isiyo na herufi zake inaweza kumwangukia mtu wa kikosi kingine kabisa. Piga picha pande zote mbili, mchana, kivulini, bila mwako wa kamera, kwa sababu wino uliofifia hupotea ukipigwa mwanga wa moja kwa moja. Karatasi iliyokatika kwenye mikunjo usiibandike gundi ya nailoni, wala usiipeleke dukani kulaminishwa: joto la mashine huiharibu, na ikishafungwa ndani ya plastiki haitengenezeki tena. Iweke ndani ya karatasi nyeupe kavu, mbali na ukuta unaovuja.

Halafu picha. Khaki peke yake haikuambii kitu, maana katika nchi za joto hata watu wa RAF walivaa khaki. Tazama kofia na mabega kwa kioo cha kukuzia. Beji ya kofia ya askari wa RAF ina herufi RAF ndani ya duara la majani, taji juu yake. Utepe wa bega wenye herufi K.A.R. ni Keya, E.A.A.S.C. ni madereva na wasafirishaji wa jeshi la Afrika Mashariki. Alama ya kichwa cha kifaru ni ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma. Ukikiona kifaru, acha kutafuta kwenye mafaili ya ndege.

Dalili: medali ipo lakini haina jina

Watu hudhani ni ya bandia au ya kununua. Sivyo. Nyota na medali ambazo Waingereza walizitoa kwa vita vya 1939–1945 kwa kawaida hazikuchongwa majina. Zile za vita vya 1914–1918 ndizo zilizochongwa ukingoni: namba, jina, cheo na kikosi. Kwa hiyo medali ya mviringo yenye maandishi ukingoni si ya babu wa Burma, ni ya aliyemtangulia, na umeruka kizazi kimoja. Isome ukingo wake kabla hujaisugua. Majivu na ndimu huing'arisha kweli, lakini hula herufi zile unazozitafuta.

Isiyo na jina nayo inasema. Nyota yenye ncha sita iliyoandikwa BURMA STAR inakupa eneo na kipindi, kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. AFRICA STAR imeanzia mapema zaidi, Juni 1940 hadi Mei 1943, na inahusu Afrika Kaskazini pamoja na vita vya Uhabeshi na Somalia. Medali ya Vita ya 1939–45, ile yenye simba amesimama juu ya joka upande mmoja, ilitolewa kwa watu wengi sana na peke yake haikufikishi popote.

Dalili: kila mzee anataja ndege, lakini hakuna anayetaja RAF

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na sababu ziko kadhaa. Zipime moja moja.

Iliyo kubwa ni Burma, au Bama kama wazee wanavyoitamka. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ilishuka bonde la Kabaw katika msimu wa mvua, barabara zikawa matope matupu, na chakula, risasi na dawa vikawa vinadondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Desemba mwaka huo waliifikia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Askari aliyekula kwa kutegemea ndege miezi mizima atasimulia ndege maisha yake yote. Dalili zinazoandamana na sababu hii ni kutajwa kwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ambako divisheni ilikaa mafunzoni kabla ya Burma, pamoja na mvua, ruba na Wajapani. Ukizisikia hizo, mtafute katika Keya.

Sababu ya pili ni ulinzi na kazi za mikono. Viwanja vya ndege vilihitaji walinzi, wachimba mifereji na wapakiaji, na wengi wao walitoka East African Pioneers na East African Military Labour Service. Dalili yake: hadithi ina sururu, lori na kambi, haina bunduki, na mara nyingi ina Misri au Mashariki ya Kati. Wapo pia waliokuwa kwenye mizinga ya kutungulia ndege. Hao walikuwa "wa ndege" kwa namna ya kinyume, na faili lao ni la East African Artillery.

Ya tatu ni ndege za majini. Skwadroni 259 ya RAF, yenye Catalina zinazotua baharini, ilikuwa Dar es Salaam kuanzia 1943 hadi ilipovunjwa mwaka 1945, ikisaka nyambizi katika Bahari ya Hindi. Mzee anayeeleza ndege "yenye tumbo la mashua" huenda alikuwa kibarua au mlinzi bandarini. Hapo RAF inahusika kweli, ila kama mahali pa kazi.

Ya nne inawahusu sana watu wa Nachingwea, Masasi na Mtwara mjini. Mradi wa karanga ulianza 1947, vita vikiwa vimekwisha, ukaja na matrekta, Wazungu waliotoka jeshini, reli na bandari ya maji marefu ya Mtwara. Babu aliyefanya kazi "kwa Wazungu wa jeshi, Nachingwea" hakuwa vitani wakati huo. Alikuwa mwajiriwa wa Overseas Food Corporation, shirika lililoendesha mradi huo, na unatafuta karatasi za ajira, si za jeshi. Swali moja linatosha kutenganisha: treni ilikuwepo? Kama ilikuwepo, ni baada ya vita.

Mwisho, wapo wanaochanganya vita viwili. RAF ilianzishwa tarehe 1 Aprili 1918. Mapigano makali ya Lindi, likiwemo la Mahiwa na Nyangao la Oktoba 1917, yalikuwa yameshapita. Ndege za Uingereza zilizoonekana Afrika Mashariki miaka ile zilikuwa za Skwadroni 26 ya Royal Flying Corps, jeshi la anga lililotangulia RAF, na za jeshi la majini, na kumbukumbu zake ziko Kew kwenye mfululizo, yaani fungu la mafaili, wa AIR 1 na ADM. Hata ile hadithi ya "ndege kubwa ya Mjerumani iliyokuwa ije" ina ukweli: meli ya anga L 59 iliondoka Bulgaria Novemba 1917 kumletea Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, risasi na dawa, ikageukia Sudan, na Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma bila kuiona.

Maswali ya kumuuliza bibi au mzee wa ukoo yawe ya vitu, si ya vyeo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, uliza: alipoondoka hapa alipanda meli au lori? Alipelekwa mji gani kwanza? Pesa alizotuma zilichukuliwa boma gani? Alirudi na nguo gani? Nani wa kijiji hiki alikwenda naye? Hilo la mwisho lina faida kubwa, kwa sababu vijana wa tarafa moja waliandikishwa pamoja, na cheti cha jirani kinaweza kukuonyesha kikosi cha babu. Ukiuliza "alikuwa jeshi gani?" utajibiwa "la Mwingereza", na utakuwa umepata ulichokuwa nacho.

Dalili: jeshi unalijua, jina halitokei

Karani aliandika alichokisikia. Herufi L na R hubadilishana sana katika majina ya Wamakonde na Wamwera, kwa hiyo Rashidi hupatikana kama Lashidi. Hamisi ni Khamis, Athumani ni Osman au Othman, Bakari ni Abubakar, Selemani ni Suliman. CH ya mwanzo huandikwa C au TCH. Askari hakuwa na jina la ukoo kwa maana ya Kizungu: Hamisi bin Saidi anaweza kuorodheshwa chini ya H, chini ya S, au hata chini ya "Bin". Tafuta kila jina peke yake, kisha yote mawili kwa kuyageuza, kisha kwa namba bila jina.

Kwa waliolelewa misheni kuna mtego mwingine. Mtu aliyeandikishwa kwa jina la jando anaweza kuwa ndiye anayeitwa Petro au Yohana katika ukoo. Vitabu vya ubatizo ndivyo hufunga pengo hilo, kwa kuwa huandika jina la Kikristo, majina ya wazazi na kijiji. Masasi kulikuwa na Waanglikana wa UMCA tangu 1876, Ndanda na Nyangao Wabenediktini. Nenda parokiani na barua fupi inayotaja mwaka wa kukisia, ukiacha nafasi ya miaka mitano mbele na nyuma. Umri ulioandikwa jeshini ni makadirio ya karani aliyemtazama mtu usoni, usiuamini kuliko kumbukumbu ya nyumbani ya mwaka wa njaa au wa jando.

Dalili: kikosi umekipata, jina halimo ndani

Hili si tatizo, ndivyo vitabu vyenyewe vilivyo. Shajara ya vita ya batalioni huandikwa na ofisa kwa ajili ya makao makuu: leo tumehama, wamekufa wawili, mvua kubwa. Majina yake ni ya maofisa. Vitabu vya shughuli vya skwadroni za RAF, mfululizo wa AIR 27, viko hivyohivyo. Fomu 540 ni muhtasari wa mwezi, Fomu 541 inataja waliopanda ndege kwa kila safari. Fundi, dereva na mlinzi hawamo. Vya vituo viko AIR 28. Vitumie kujua kikosi kilikuwa wapi tarehe fulani, ulinganishe na hadithi ya nyumbani.

Kwa Keya, namba ya batalioni inakuambia ilikoandikishwa. Za Tanganyika huishia na 6: 6, 26, 36, 46. Uganda huishia na 4, kama 34 na 44. Za 2 na 22 ni Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ya 11 ni Kenya. Batalioni ya 26 na ya 36 zilikuwa Burma ndani ya Divisheni ya 11, katika brigedi za 25 na 26. Angalia usichanganye Batalioni ya 26 na Brigedi ya 26: hilo ni kosa ambalo hukuagizia shajara isiyo yako, na nakala hulipiwa.

Shajara za Burma ziko WO 172, za Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati WO 169, za Madagaska WO 174, na za vita vya kwanza WO 95. Andika mfululizo, mwaka, kisha "King's African Rifles" na namba. Agiza mwaka mmoja kwanza. Huduma ya kukaguliwa kurasa inalipiwa hata kama hakipatikani kitu, kwa hiyo usimpe mtu wa Kew kazi ya kubahatisha. Mfululizo mmoja ambao hutafutwa kwa jina la askari ni WO 373, mapendekezo ya nishani. Askari wa Keya wamo, na ukurasa mmoja unaweza kueleza alichofanya, siku na mahali.

Dalili: kweli alikuwa RAF, lakini ombi limerudishwa

Ushahidi ukionyesha aliandikishwa na RAF yenyewe, kagua kwanza AIR 78, faharasa ya askari wa anga, upate namba yake ya jeshi. Namba ndiyo inayofungua faili. Jina peke yake linaweza kuleta watu kumi. Tangu 2022 mafaili ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza yamekuwa yakihamishiwa Kew kwa awamu, kwa hiyo ombi lililorudishwa huenda limepelekwa tu mlango usio wake. Uliza faili liko wapi kabla ya kulipa. Ada ya Wizara kwa muda mrefu imekuwa pauni 30.

Sababu ya pili ya kurudishwa ni cheti cha kifo. Kew huchukulia kwamba mtu anaweza kuwa hai mpaka miaka 115 tangu kuzaliwa ipite. Aliyezaliwa 1920 hatafunguliwa bila ushahidi hadi 2035. Kama kifo hakikusajiliwa, na kwa wazee wetu wengi hakikusajiliwa, pata barua ya mtendaji wa kijiji au kata, peleka kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, usajili kwa kuchelewa. Hakikisha jina kwenye cheti linalingana na la jeshi. Kama yanatofautiana, ambatanisha kiapo kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ombi likienda bila kiapo hicho hurudi, na umepoteza miezi.

Kwa familia za Kihindi za Lindi na Mikindani, ndugu aliyekuwa Royal Indian Air Force hatafutwi kwa njia hii. Huyo aliandikishwa na India.

Dalili: alifia vitani na hayumo kwenye orodha ya makaburi

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha inayotafutwa bure. Kwa waliofia Burma bila kaburi tazama mnara wa Rangoon, kwa wa Afrika Mashariki mnara ulioko katika makaburi ya vita ya Nairobi. Wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, majina yao yako huko Nairobi. Kutokuwepo kwa jina hakuthibitishi lolote. Ripoti ya tume yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kwamba waliofia vita vya kwanza wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wapagazi wakiwa wengi. Ukiwa na karatasi yoyote ya wakati ule, tume hupokea maombi ya kuongeza jina. Makaburi ya vita ya Dar es Salaam nayo yalipangwa 1968, yalipohamishwa yale ya Ocean Road kupisha barabara, na baadaye yakaletwa mengine kutoka mikoani. Kaburi ambalo ukoo unalikumbuka mkoani huenda limeshahamia huko.

Dalili: Dar es Salaam wanasema hakuna faili la Mtwara

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, mtaa wa Vijibweni, Upanga, haitakupa kitu ukiomba "Mtwara". Wakati wa vita huku kote kulikuwa Jimbo la Kusini, makao yake Lindi. Omba Southern Province, kisha wilaya: Lindi, Kilwa, Mikindani, Newala, Masasi, Tunduru. Mtwara ya leo imo ndani ya Mikindani. Tafuta vichwa vya habari vinavyohusu uandikishaji, fedha zilizotumwa na askari kwa familia, na askari waliorudi. Malipo ya familia yalipitia bomani, na humo ndimo majina ya askari wa kawaida yanapojitokeza. Nenda na barua ya utambulisho, kitambulisho na penseli. Matoleo ya gazeti la Mambo Leo ya miaka ya vita yafaa kupekuliwa pia.

Wakati wote huu atajitokeza mtu wa kukuambia kuna "fidia ya Keya" inayosubiri warithi, toa ada ya kufungua faili. Usitoe.

Na kama vita vyenyewe ni vya Kagera

Kanuni ni ileile, milango ni mingine. Aliyekuwa wa Airwing, kikosi cha anga cha Ukonga, faili lake liko JWTZ, haliko Upanga kwa Idara ya Kumbukumbu, na utakachoweza kuomba ni uthibitisho wa utumishi, si taarifa za operesheni. Namba za askari huanza na MT, inakili kamili. Warithi waende na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Lakini wengi wa Kusini waliokwenda 1978 na 1979 na kurudi na habari za ndege za Amin na za Gaddafi walikwenda kama mgambo. Jina la huyo liulizwe kwanza kwa mshauri wa mgambo wa wilaya aliyotokea, ukimtajia kijiji alichochukuliwa, mwezi wa kuondoka, na jina la mmoja aliyepanda naye lori.